Mlango wa Banda la Mashua

Baba Njoki,

Kaburini hakuna wa kukusomea, lakini nitaandika tu. Neno hili limenikaa kooni tangu Njoki akiwa mgongoni.

Ati kutengeneza mashua huku kwetu Endarasha, mlimani! Ulirudi kutoka Mombasa umejifunza kuziba mashua za fibaglasi, ukasema wazungu wameenda lakini mabwawa yao yamebaki, na hoteli za wageni wanaovua samaki zina mashua zilizopasuka. Niliguna. Mlima na mashua wapi na wapi? Kisha mapipa yakaja, na harufu kali, na Otieno, fundi mwenzako kutoka ziwani. Mkawa mnajifungia bandani. Nikajiambia, mume wangu anapika chang'aa, pombe ya magendo.

Mashua ya kwanza ilikuwa ya hoteli moja; ikiwapendeza, wangekuletea zote. Jumapili ile ya Julai mliipaka rezini, ile gundi inayohitaji joto ili igande, mkaacha jiko la makaa ndani kwa sababu ya baridi, mkaenda kumwita meneja. "Mtu asifungue huu mlango mpaka nirudi," ulisema. Ungenipa sababu, pengine ningetii. Nilifungua mlango, nikafungua na madirisha, nikapekua mapipa, nikapekua hata chini ya vile vitambaa vya nyuzi za glasi, ukungu ukiingia. Chang'aa sikuiona, nikafunga kila kitu kabla hamjarudi.

Meneja alipoigusa mashua, vidole vilinata. Baridi ilikuwa imezuia rezini kuganda. Akaondoka, na kazi yake yote ikaondoka naye. Ukamgeukia Otieno, ukasema ameiba dawa ya kugandisha akatia maji. Aliapa kwa mama yake. Mimi nilisimama pale pale nimefunga mdomo, nawe ukamfukuza.

Jioni nilijikuna mikono mpaka ikavimba. Nikakwambia nilikuwa nachuma thabai, yale majani yanayowasha, za kutia kwenye mukimo wa viazi. Ulileta mafuta ukanipaka kidole kwa kidole. Tukala. Mukimo haukuwa na hata jani moja la thabai.

Hapo ndipo siku hizi nakushuku upya. Wewe uliyewashwa na nyuzi zile kila siku, uliamini kweli ni thabai? Au ulijua, ukaona heri mgeni aitwe mwizi kuliko mkeo aaibike? Naona haya, Baba Njoki, na nina hasira na wewe.

Otieno ana banda lake Naivasha. Kesho naenda kumwambia kwamba aliyefungua ni mimi. Akiniuliza kama ulijua, sijui nitamjibu nini.

Lala, kama unaweza.

Mama Njoki