Sahani ya Bella

Jumatatu, 5 Februari 2001

Kliniki ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, foleni tangu saa moja. Bella kilo kumi na moja na nusu. Mwezi uliopita kumi na mbili. Miaka minne hiyo! Mama wa mizani akanionyesha karatasi yake yenye mistari, kitone cha Bella kimeshuka mpaka kinagusa mstari mwekundu. Akipungua tena, anapelekwa hospitali Lilongwe. Wanaopelekwa si wote wanaorudi, hilo hakulisema, lakini Dzaleka nzima tunalijua.

Akauliza mtoto anakula nini. Nikasema chakula kipo, yeye ndiye hataki. Akaniangalia kama naongopa.

Kisha mafundisho. Biskuti na chai ya sukari sasa basi. Karanga kwenye uji, majani, yai, samaki wadogo. Na kila mtoto ale kwenye sahani yake peke yake, ndipo mama ajue ameingiza kiasi gani. Kwetu watoto wanakula sinia moja, lakini sikubisha. Nimemnunulia sahani ya bati yenye ua jekundu.

Espérance, mdogo wangu, alimtuma huyu mtoto wake mwezi wa Desemba na watu wa kanisa. Barua mistari miwili: Dada, nitunzie. Njia ikifunguka nitamfuata. Yeye bado yuko Uvira na vita vyake. Siku akifika nitampa nini, mifupa? Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Robert, mume wangu, yuko mjini huko Mchesi anatafuta kazi, na mwanangu Mado ana miaka saba tu.

Alhamisi, 8 Februari

Asubuhi uji wa karanga. Mdomo umefungwa.

Mchana nsima, ugali wa huku, na majani ya lengalenga, na usipa, samaki wadogo wa ziwani, niliowakaanga mpaka wakakauka. Ni kama ndagala wetu kabisa, mtoto wa Uvira atakataaje ndagala? Alikataa. Jioni nikaponda viazi vitamu, nikaficha yai ndani. Akachungulia, akafukua kwa kidole kimoja, akaliona. Akasukuma sahani polepole, kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo inanichoma.

Anachokubali: biskuti, lakini pakiti afungue mwenyewe. Ndizi, amenye mwenyewe. Yai la kuchemsha likiwa na ganda lake. Binti mfalme! Nilimwambia Mado, huyu mwenzako kazaliwa akiwa na wahudumu.

Mado naye alinyoosha mkono kwenye sahani yenye ua, nikampiga vidole. Hiyo ni ya Bella, nikasema, mtu mwingine asiguse. Akalia. Mimi nikawaambia nimeshiba, nikarudi kwenye cherehani. Unga wa mwezi haufiki mwisho wa mwezi, na tumbo la mtu mzima linajua kungoja.

Jumatano, 14 Februari

Leo nimefanya kitu kibaya.

Wanawake wa kisimani wamenipigia kelele wiki nzima. Mmoja minyoo, mwingine madeko. Mwingine akanitupia ile ya mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi nimefika nyumbani na hiyo methali kichwani. Nikamkalisha Bella katikati ya magoti, nikambana pua, nikamtia kijiko. Kimoja, viwili. Cha tatu akaning'ata. Kisha vyote vikarudi juu ya kitambaa cha mteja.

Hakulia. Alinitazama tu, kama mtu aliyekuwa anajua kwamba siku hiyo itafika. Mado ndiye aliyelia.

Nilimwosha, nikaomba msamaha. Akaomba ndizi. Sikuwa nayo.

Mimi si mtu mbaya. Lakini leo nilikuwa.

Jumamosi, 17 Februari

Siwezi kushona leo. Niandike kwanza.

Bella alipotea saa sita hivi. Nikamtafuta mpaka nyuma ya kanisa. Kumbe yuko kwa Nibigira, jirani yangu Mrundi, nyumba ya tatu. Amekaa chini na watoto wa Nibigira, anakula. Nsima! Maharagwe! Mkono umejaa mchuzi mpaka kwenye kiwiko.

Badala ya kufurahi nikawaka. Wivu, niseme ukweli. Nikamuuliza Nibigira anamlisha dawa gani mtoto wa watu, na kwa nini majirani wasikie kwamba kwangu hakuliwi.

Hakusimama hata. "Mama Mado, hakuna dawa. Ni maharagi tu. Tuko tunakula bote."

"Kwangu anakataa hata yai."

"We unakulaka naye saa ngapi? Mi sijakuona hata siku moja. Uyu mutoto anaangaliaka mutu kwanza. Mi nikikata tonge, nikimeza, njo na yeye anakata."

Nikageuka kwa Bella. Nikachuchumaa. Nikamuuliza mbona kwangu hali.

Akajibu bila kunitazama. "Mama alisema, mutu akikupa chakula na yeye hakuli, ukatae."

"Chakula cha dada yake pia?"

"Ya mutu yoyote. Baba alikula ya batu. Akakufa."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Mume wa Espérance, mwaka juzi. Alialikwa kwa watu Uvira, akapewa kikombe peke yake, siku ya tatu akazikwa. Ilisemwa ni karuho, sumu. Mi sijui kama kweli. Lakini najua kwetu anayepika anaonja kwanza, mbele ya mgeni, hata maji. Mama yetu alitufundisha kabla hatujajua kusoma. Miaka mitano Dzaleka nimesahau.

Na nimefanya nini? Sahani yake peke yake. Mado akigusa, kofi. Mimi mwenyewe, nimeshiba. Halafu nikambana pua.

Njaa yangu ndiyo iliyomtisha. Nililala njaa kwa ajili yake, na yeye akaona mwanamke ambaye hagusi chungu chake mwenyewe.

Jumanne, 20 Februari

Sinia moja. Mimi nakata kwanza. Bella ananitazama mdomo, kisha koo. Tonge likishuka, na yeye anakata. Jumapili matonge manne. Jana saba, na lengalenga! Leo asubuhi uji wa karanga, kikombe kimoja watu watatu, kinazunguka.

Mado anasema, "Mama, siku hizi unakula mingi." Ni kweli. Unga unashuka kwa kasi ya kutisha. Sijali.

Mchana Bella akaanza kuhara. Maji tu. Nibigira kaleta maji ya chumvi na sukari, akayaonja bila kuambiwa.

Alhamisi, 22 Februari

Hospitali, Lilongwe. Naandika juu ya goti.

Mizani ilisema kumi na nukta saba. Nikamwambia mama wa mizani, subiri, sasa anakula, nimejua shida, nipe wiki moja. Mkalimani alitafsiri nusu tu, niliona. Mtoto hana wiki moja, mama wa mizani akasema. Na gari lipo leo. Mado nimemwacha kwa Nibigira, hata nguo sikumfungia.

Wodi ndefu, vitanda viwili viwili. Jirani yetu ni Gertrude, bibi wa hapahapa Lilongwe, yuko na mjukuu. Chichewa changu ni cha sokoni, lakini tunaelewana. Nilimwambia habari ya Bella na koo. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Maziwa ya dawa yanakuja kila baada ya saa tatu, yamepimwa, kikombe cha mtoto peke yake. Sista, muuguzi wa wodi, alitangaza sheria kwa wote: mlezi asitie mdomo. Kumbe wapo waliokamatwa wakinywa, njaa ya mwaka huu si ya Dzaleka tu. Simlaumu Sista.

Kikombe cha kwanza Bella alinitazama. Nikanywa funda moja. Yeye akanywa nusu. Cha pili Sista aliniona.

Ijumaa, 23 Februari

Niko nje, benchi la chini ya dirisha la wodi. Nimetolewa.

Saa tatu kikombe kilikuja. Bella akanitazama. Nikamweleza Sista, kwa heshima zote, na zikomo nyingi, asante yao, kwamba kwetu mtoto hanywi kisichoonjwa. Akasema hapa si kwenu, na maziwa yanapimwa mililita kwa kilo za mtoto. Sawa, nikasema, basi onja wewe, tone tu. Akasema yeye hanywi maziwa ya wagonjwa.

Alisema kwa Chichewa, lakini alitikisa kichwa na kukisogeza kikombe mbali na uso wake. Bella hahitaji Chichewa kwa hilo. Akafunga mdomo. Nikaona ule mdomo, nikajua sasa hata mimi sitaweza kuufungua kwa maneno.

Nikakichukua kikombe, nikanywa. Mbele ya wodi nzima. Funda kubwa, ili aone.

Sasa niko benchi. Wamesema nirudi jioni nikiwa na akili. Mtoto atawekewa mpira wa kumlishia puani, Sista amekwenda kuuchukua. Puani tena. Mimi ndiye niliyeanza na pua.

Simlaumu Sista. Namlaumu. Ana watoto ishirini na mmoja. Mimi hapa nina mmoja, na si wangu, na ndiyo sababu siwezi kumpoteza.

Nikisimama kwenye benchi naona ndani. Bella amelala ukutani, mgongo kwa kila mtu. Kikombe kipo juu ya kabati, nusu.

Gertrude ameinuka. Ameangalia mlangoni. Amekichukua.

Anamgusa Bella bega. Bella anageuka. Bibi wa watu anapeleka kikombe mdomoni kwake mwenyewe, taratibu, anainua kidevu ili shingo yote ionekane — anameza. Anamnyooshea.

Bella amekaa. Anaangalia koo. Mikono bado haijatoka ndani ya blanketi. Viatu vya Sista vinasikika vinarudi, na Gertrude hakishushi kikombe, anakunywa tena, anamnyooshea tena, na sasa mkono mmoja wa Bella umetoka.