Bikozi Haikuwepo

Shoga, uko wapi? Shemeji yako amerudi kutoka shule, amekaa jikoni hajavua hata viatu, maji hataki.

Unajua alivyowakaririsha wanafunzi wake wa Kiingereza mwaka mzima: ukiulizwa sababu kwenye ufahamu, tafuta neno bikozi, jibu liko mbele yake. Leo ndiyo mtihani wa mwisho. Kwenye kifungu cha habari hakuna bikozi hata moja.

Hata moja, shoga. Mto umefurika, daraja limesombwa. Swali: kwa nini daraja lilisombwa?

Yule binti anayeongoza darasa katoka anacheka. "Mwalimu, walitaka kututega. Bikozi haikuwepo, nikaandika sababu haikutajwa." Wenzake wakadakia, hata mimi, hata mimi. Na maswali ya hivyo yalikuwa matano.

Shemeji yako akashindwa kuwaambia kuwa jibu lilikuwa ule mto. Akawapa mkono mmoja mmoja.

Sasa hivi mama wa binti kapiga simu kumshukuru, eti mwanawe kasema mtihani ulikuwa mwepesi. Nimemsikia kwa masikio yangu akijibu, "Amejitahidi sana, mama." Simu imeshakatwa, bado ameishikilia sikioni.

Njoo basi. Mimi namvua viatu kwanza.