Hadithi Iliyosemwa Chini ya Turubai

Mubi

Kaka Anselme,

«Hadithi za kubuni ni uongo uliovalishwa nguo za Jumapili, na mtoto aliyekimbia vita hana nafasi ya uongo.» Ndivyo ulivyoniandikia, na ndivyo, unasema, utakavyowaambia wazazi wa komite mtakapokaa kuamua juu ya kile chumba cha nyuma ya kapela. Ni sentensi nzuri, nakupa haki yako. Ina kosa moja tu: si kweli.

Nimeanza na ugomvi kabla ya salamu. Unanijua, nilizaliwa hivyo. Sasa pokea salamu, wewe na wote wa nyumbani Bihambwe. Mgongo wa Mama unaendeleaje na baridi ya huko juu? Maharage yameshika maua, au mvua imeyapiga tena? Mimi niko mzima. Mvua ya msitu hainyeshi, inamwagwa. Wanafunzi wangu wanaandika Kifaransa kana kwamba kimewakosea, na nusu ya darasa husinzia kwa sababu alfajiri walikuwa wakibeba mizigo kwenye magari. Lakini wanakuja, na nami nafundisha.

Tuseme wazi tunachogombania. Riziki, binti yako, anawasomea watoto wa wakimbizi kila Jumamosi katika chumba hicho, kutoka kwenye sanduku la vitabu nililoliacha nilipokuja kufanya kazi huku. Wewe, mkubwa wa komite, unataka chumba kiwe ghala la mbegu na sanduku lifungwe. Unasema vitabu vya mapenzi vimemharibu, kwa kuwa yule kijana mliyemletea amwoe alimuuliza maswali mpaka akasahau kunywa pombe yake ya mandale. Mimi nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kaka, maswali yenyewe yalikuwa mabaya? Hukuniandikia. Unalalamika tu kwamba yalikuwa mengi.

Sikiliza sasa yaliyonipata, kwa maana tangu siku hiyo najiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. Maisha yangu yote nimepigania vitabu hivi. Kwa nini vinatushika, sikujua. Nilikuwa napigana tu.

Nilikuwa natoka Walikale na lori lililobeba chumvi na magodoro, sisi abiria tukiwa juu ya mizigo. Kwenye mteremko, magurudumu yakazama. Shofere akamtuma mtu wa pikipiki kutafuta gari la kutuvuta, tukabaki tumekaa. Kulikuwa na mama mmoja wa Kitshanga, kule kwetu Masisi, mfanyabiashara wa maharage, na mwindaji mmoja wa huku msituni, mwenye kikapu cha nyama iliyokaushwa kwa moshi. Walikuwa wamechokozana tangu asubuhi. Mwindaji alisema watu wa Masisi hulala na ng'ombe ili wasipotee. Mama akajibu kwamba watu wa msituni wakiona jua wanadhani nyumba inaungua. Watu walicheka, lakini unajua kicheko chetu cha barabarani, kina kisu ndani.

Nikatoa kitabu changu ili nisigombane na wote wawili. Ni riwaya ya upelelezi: mwenye duka ameuawa, na kila mtu mjini ana sababu ya kumuua. Jirani yangu akauliza kinasema nini. Nikaanza kumsomea nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, na kabla sijafika sura ya pili lori zima lilikuwa limenyamaza. Nilisoma nikikimbia, nikiruka maelezo ya mawingu na fanicha, mpaka nikafika mwisho, na mwisho haukuwepo. Aliyeniuzia alikuwa amechana kurasa za nyuma kufungia karanga.

Ungeona hasira, Kaka. Katekista mmoja alisimama juu ya magunia akadai muuaji apatikane, kwa sababu mwenye duka hakuwa na ndugu wa kumlilia. Mwenye duka ambaye hakuwahi kuzaliwa! Mama wa maharage alisema mjane ndiye muuaji, lakini alisukumwa na mapenzi, kwa hiyo asifungwe. Mwindaji alitikisa kichwa. Alisema anaujua mwisho, kwao wanayo hadithi ya namna hiyo hiyo, ya swala mdogo na chui. Tukamwambia aseme. Akakataa. Hadithi haisemwi jua likiwa juu. Anayeisema mchana, mama yake hupotea njia akitoka shambani.

Unakumbuka bibi yetu naye alitunyamazisha hivyo hivyo, tukidai hadithi wakati wa kuchambua maharage. Nilidhani ni ujanja wa kutufanya tuchape kazi. Nikamuuliza mwindaji mbona mimi nimesoma mchana mzima na hakuna mama aliyepotea.

«Kitabu iko karatasi, haina kinywa», akasema. «Mimi niko na kinywa, na mama yangu angali muzima.»

Ndipo konvwaye, yule msaidizi wa shofere, alipovuta bashi, turubai kubwa la kufunikia mizigo, akatufunika sote. Palikuwa giza kama ndani ya chungu. Wakaanza kubishana kama mawakili. Katekista alisema usiku ni wa Mungu, haufanyiki kwa turubai. Mama wa maharage alisema jua lisipokuona, haliwezi kukushtaki. Mwindaji alitaka moto, maana hadithi haina mahali pa kukaa bila moto, na mtu akawasha taa ya simu akaiweka kwenye sufuria. Mwindaji akaitazama sana. Mwishowe akakubali kwamba giza lolote ni giza: «Giza njo giza.»

Akasema. Mwenye duka akawa yule swala mdogo, mjane akawa njiwa, na muuaji akawa chui aliyekuja matangani kulia kuliko wote. Alipofika hapo, mama wa maharage akasema polepole:

«Huyo chui, mimi minamujua. Alichoma nyumba yangu. Kila siku ya soko anakuyaka kunisalimia.»

Mwindaji yule yule aliyemtukana tangu asubuhi akamjibu: «Mama, humu ndani ya hadithi unaweza kumutaja. Kule inje, acha kwanza.»

Hakumtaja. Lakini alimwomba mwindaji amwambie chui alifanywa nini, na mwindaji akaendelea, sasa akimsemea yeye peke yake. Gari la kuvuta likafika, lori likatoka matopeni, na hakuna aliyekubali bashi lifunuliwe. Tuliingia Mubi tumefunikwa hivyo, tukitoka jasho. Kwenye kizuizi mtoza kodi alidhani tumeficha mzigo. Akafunua kwa kishindo, na watu wote wakamwambia afunge, haijaisha. Alifunga. Alifunga akiwa ndani, Kaka.

Basi nijibu wewe unayechukia uongo. Mama yule angeweza kusema ukweli wake wapi? Sokoni, mbele ya chui mwenyewe? Kwenye mkutano wa amani, ambako kila mtu huja na hotuba yake mfukoni? Ukweli unaoutaka, ulionyooka, wenye jina na tarehe, kwetu unaweza kumuua mtu. Hadithi ilimpa mahali pa kuusimamisha bila kufa. Riwaya ya upelelezi, kisa cha mapenzi, hadithi ya swala, sasa naona ni milango ya nyumba moja, na kila mtu anaingilia ule unaomtosha. Kwa nini tunamlilia asiyekuwepo kabla ya kuweza kuwalilia wetu? Bado sijui. Naomba tutafute pamoja.

Nasikia katika kile chumba yupo mtoto ambaye hakusema neno tangu familia yake ifike kambini, na kwamba sasa humuuliza Riziki, «Halafu?» Neno moja. Komite yenu haijawahi kumpatia hata hilo. Nawe, Kaka, siku tuliyokimbia vita, ulibaki nyuma ukatufikia jioni. Hatukukuuliza, nawe hukusema. Sikuulizi leo. Ninakuambia tu kwamba mahali pa kusemea papo, na umekishika kitasa ukitaka kufunga.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie mke wako, wifi yangu mvumilivu, na Baba Mdogo fundi wa mbao, na binamu yetu mwenye pikipiki anayekuletea barua hii. Msalimie Riziki zaidi ya wote.

Na ninyi wazazi wa komite, maana najua Kaka atawasomea haya ili mnicheke: nyumba yangu ya Bihambwe iko tupu, na ufunguo anao wifi. Wekeni mbegu zenu humo, ni pakavu. Chumba cha kapela mwachieni Riziki. Na kabla hamjapiga kura, kaeni chini Jumamosi hii, pamoja na watoto, asome mpaka amalize. Wewe Anselme, ukae mbele.

Dada yako asiyenyamaza,
Georgette