Hulda Hayumo Kwenye Orodha

Mtaa wa Kinzie,
Racine, Wisconsin.
16 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Curtis,

Pokea salamu kutoka kwetu kwenye baridi. U hali gani huko Seattle? Kile kikohozi cha Krismasi kimekuachia? Denise na mapacha hawajambo? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto linalolalamika kila nikikanyaga breki ya basi la shule. Ziwa limeganda mpaka bandarini. Mjomba Lyle ameshaburuta kibanda chake cha kuvulia samaki hadi kwenye barafu, na mpaka leo amevua mafua tu.

Nimekujulia hali kwanza kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea sote, mimi mwanawe na wewe mtoto wa mdogo wake. Sasa nikuambie wazi: nimekukasirikia, Curtis, na sijui hasira hii niipeleke wapi kama si kwako.

Jumamosi iliyopita binti yangu Joni alikwenda Milwaukee, kwenye duka la michezo, kucheza ule mchezo wetu wa kuigiza kwa dadu na watu asiowajua. Walikuwa na kitabu kipya ambacho hadithi yake iko katika nchi yetu ya kubuni, Tarnholt. Alifurahi sana kuona mtu wa mbali amejenga kwetu. Msafara wao ukafika kivukoni, na hapo alikuwapo Hulda mvushaji. Akawaambia, "Ingieni ndani, miguu imelowa." Kisha katikati ya mto akaanza kuwazamisha. Kitabu hicho kimemfanya mchawi anayeulisha mto watu. Wachezaji wakamshambulia, wakagonganisha viganja kwa furaha, na mmoja akamwambia Joni, "Haya dada, zamu yako, rusha dadu umkate kichwa!" Joni alichukua koti lake akaondoka. Hakunieleza mpaka Jumapili.

Unajua maneno hayo yalitoka wapi. Tulikuwa watoto kwenye chumba cha chini nyumbani kwetu, wewe ukiisimulia Tarnholt, sisi wengine tukiwa watu wake, dadu zikiamua nani apone. Mama akashuka na keki ya kringle, akauliza mbona nchi nzima haina mtu mzima hata mmoja. Ukampa kivuko. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na sita, Mama alikuwa Hulda, na hakumwacha mtu ng'ambo, hata wale majambazi uliowapanga watuue. Alikuwa akiwaambia yale yale aliyotuambia sisi mlangoni kila tulipotoka kwenye theluji.

Nilimwandikia mwandishi wa kitabu, bwana mmoja wa Ohio, nikamkaripia barabara. Akanijibu kwa adabu mpaka nikaona haya. Alisema uliichapisha Tarnholt kwa leseni huria, kwamba yeyote anaweza kutunga hadithi yake humo na kuiuza, mradi akutaje, naye amekutaja. Majina yasiyoguswa, ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuyatumia, yameorodheshwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu chako. "Bi Marlys, orodha ile nimeisoma mara mbili," aliandika. "Hulda hayumo."

Nikaenda kuchukua nakala yangu. Tangu uniletee sikuwahi kufika ukurasa ule, nani husoma kurasa za wanasheria? Kuna majina kumi na mawili. Mfalme wako yumo. Farasi wa mfalme wako yumo. Mama hayumo.

Curtis, uliketi kando ya kitanda cha Mama miezi miwili kabla hajafariki, ukamwomba ruhusa ya kumtia Hulda kitabuni. Nilikuwapo, nikimkanda miguu. Alikuuliza jambo moja tu: "Hawatamgeuza mtu mbaya?" Ukamjibu, "Mama Mkubwa, nchi itakuwa ya watu wote, lakini watu wetu hawaguswi." Akakushika mkono, akasema basi, mchukue.

Nilipokupigia simu Jumatatu ukaniambia, "Marlys, usikuze mambo. Hulda ana kurasa mbili tu. Mwanasheria alisema tuwafungie wale tu ambao majina yao yatauza vitabu." Nilikata simu kwa sababu tusi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Na bado kuna jingine, hilo sikukuambia kwenye simu. Jina la saba kwenye orodha ni Brita. Brita wangu, niliyemwigiza tangu nina miaka kumi na mmoja, mwenye koti la kijani nililomchorea kwa mkono wangu. Huyo umemfungia, ni mali ya kampuni yako. Kwa hiyo mama yangu ni wa kila mtu, nami siwezi kulichapisha jina la Brita bila idhini yako. Uliniuliza lini? Umenisaliti, mdogo wangu, na ulianza kwa kumsaliti yeye.

Najua kilichofunguliwa kwa leseni ile hakifungwi tena. Ukimwongeza Hulda kwenye orodha leo utakuwa unajisumbua bure, wala sikuombi hilo.

Nimefanya tu lile ambalo leseni yako inamruhusu mtu yeyote kulifanya. Nimeandika kijitabu cha kurasa kumi na nane, nikakibana kwa pini, na nyuma nimekutaja jina kama inavyotakiwa. Nakala yako imo ndani ya bahasha hii. Hulda yumo jinsi alivyokuwa. Jana Ijumaa, baada ya kula samaki wa kukaanga kanisani, tulikicheza na kina Joni, na hakuna aliyezama.

Msalimie Denise, na uwabusu mapacha. Mjomba Lyle anakusalimu pia, ingawa nimemweleza yote na sasa anakuita neno nisiloweza kuliandika. Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Hilo naliomba kwa moyo wote, hata wiki hii.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu utamkuta mwanamke mwenye koti la kijani amesimama ukingoni. Hulda anamwambia, "Ingia ndani, miguu imelowa," kisha anamuuliza jina lake. Hapo nimeacha nafasi tupu ya herufi tano. Ni wewe peke yako unayeruhusiwa kuijaza.

Dada yako, akupendaye bado,
Marlys