Taa ya Lukasi

Jumanne, 3 Agosti 1971
Mtwara ina wapiga picha wangapi? Bi Somoe wa Mikindani kanichagua mimi. Kasema hataki mwingine. Bahati nimezaliwa nayo!
Ijumaa anamwoza mwanawe Zuhura. Picha ni ndani, chumba hakina dirisha, pale bwana harusi anapoingia kumpa mkono. Itapelekwa Tanga na meli ya Jumapili, kwa baba mtu. Yuko hoi huko mkongeni, hajamwona bintiye tangu akiwa wa kubebwa.
Balbu zangu za kumulikia — kila moja picha moja, halafu tupa. Nyingine zinagoma. Nataka taa ya betri, ile ya kuvaa begani.

Jumatano, 4 Agosti
Lukasi, karani wa bandarini, anayo. Aliachiwa na baharia, eti. Kasema tubadilishane na redio yangu. Mbona rahisi hivyo?
Tukajifungia stoo kwake Shangani, nikaijaribu. Pwaa. Tena. Tena. Nimenusa betri, nimevuta nyaya. Nzima. Ndipo nikazidi kumshuku.
"Ndugu Danieli, umeridhika au tuiitie daktari?"
Kisha akanionyesha kidude kwenye kamera yangu. Kitoe kwenye M, kipeleke kwenye X, M ni ya balbu.
Aha. Anataka niiharibu kamera, halafu ainunue bei ya kutupa. Mimi niliyetembea Mombasa na Unguja! Nikamshukuru. Sikukigusa.

Ijumaa, 6 Agosti
Chumba kimejaa udi na mashangazi. Zuhura kafunuliwa uso, kashikwa mkono — pwaa! Vigelegele. Nimemaliza filamu nzima. Bi Somoe analia: "Baba yake atamwona, mwanangu."
Lukasi alikuwa nje, kwenye pilau. Akauliza kama nimekigeuza kile kidude. Nikamwambia ale kwanza.

Jumamosi, 7 Agosti
Nimesafisha filamu. Haina kitu. Yote, kama kioo cha dirisha.
Nikafungua mgongo wa kamera, nikachungulia, nikafyatua. Kwenye M taa inawaka kabla kamera haijafunguka, ndani giza. Kwenye X mwanga ukanipiga jichoni.
Lukasi alisema kweli tupu.
Zuhura yuko Likombe kwa mumewe, fungate. Siku saba haonekani. Meli ni kesho.
Bi Somoe kakaa barazani kwangu na bahasha ya Tanga, kaleta na vitumbua. "Danieli, nipe hata moja, nimwone mimi kwanza." Nimemwambia zinakauka.
Na kweli yenyewe: hakunichagua. Mwenye studio ya mjini alikikataa kile chumba kwa giza lake, nikaenda mwenyewe kumwomba Bi Somoe. Mara mbili.