Golikipa Asiyetajwa

Alhamisi, Karatu. Ukungu umeshuka mpaka barabarani na upepo wa Julai unapenya hadi kwenye soksi. Leo sina wageni. Gari limeshaoshwa, ningekuwa nimelala. Badala yake nimekaa jikoni na koti langu la kazini, na chai imepoa mbele yangu.

Nimepigwa na butwaa, wala sijui nianzie wapi.

Nianze na klabu basi. Mnaonisoma hapa mnajua kwamba kabla sijashika usukani wa gari la watalii niliishi mwaka mmoja Ujerumani, nikijitolea kwenye chekechea ya kanisa, katika kijiji chenye ng'ombe wengi kuliko watu. Jioni nilikuwa nadaka kwenye timu ya wanawake ya klabu ya kijiji. Ndiyo maana madereva wenzangu wa hapa Karatu wananiita Golikipa mpaka leo, hata wale ambao hawajawahi kuniona nikigusa mpira.

Nilikaa nyumbani kwa Mama Gerda. Huyu amefua jezi za klabu tangu ujana wake, na sasa ameshavuka miaka themanini. Baridi ya kwanza iliponitoa machozi alinifumia kofia ya sufu, akanivika mwenyewe kama mtoto wa darasa la kwanza. Nampenda. Naliandika hili mapema, maana nitakayoyasema mbele yanaweza kuonekana kama ya mtu asiye na shukrani.

Historia ya klabu alinifundisha yeye, kama mtoto anavyofundishwa ukoo wake. Vijana wa kijiji walianzia kwenye malisho, wakifukuza ng'ombe kwanza ndipo mechi ianze. Vita vikaimaliza karibu timu yote, na wanawake wakausawazisha uwanja kwa majembe. Baadaye kila familia ikabeba matofali yake, wakajenga nyumba ya klabu kwa mikono yao. Kikombe cha wilaya walikichukua mara moja tu, na wanakisimulia kama kilichukuliwa juzi. Uwanja una jina la kapteni wa kwanza. Kapteni huyo ndiye baba yake Mama Gerda.

Mgeni akija kijijini niliitwa mimi nimsimulie. Waliona raha kusikia habari zao kutoka kinywani mwa msichana wa Ngorongoro, nami nilikuwa natia chumvi kidogo, kama tunavyofanya sisi madereva kule kreta siku ambayo faru amegoma kuonekana.

Jumamosi hii klabu inatimiza miaka mia moja. Waliniomba salamu za video, kwa Kiswahili, zioneshwe kwenye skrini kubwa mbele ya kijiji kizima. Kiswahili hawakijui, ila wanapenda kukisikia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu matamu.

Halafu jana nikambeba mzee Daniel.

Ametoka Argentina, peke yake, na aliiomba kampuni impe mimi kwa jina. Nikadhani ni sifa zangu za mtandaoni, nikavimba kichwa. Tuliteremka kreta, nikamwonesha simba wamelala, nikamwonesha tembo dume mwenye pembe ndefu, naye anaitikia tu kwa adabu. Tulipofika kwenye bwawa la viboko, pale tunapolia chakula cha mchana, nikamwonya kuhusu mwewe, maana wa pale ni wezi wasio na haya. Hakunisikiliza. Alitoa simu yake akanionesha picha.

Ilikuwa picha yangu. Nimesimama ndani ya nyumba ya klabu nimevaa glavu, klabu yenyewe iliiweka kwenye tovuti yake. Nyuma yangu ukutani imetundikwa picha ya kale ya timu ya kwanza.

"Hapo katikati palipokwanguliwa," akasema, "ni babu yangu."

Mwewe akashuka akalichukua paja la kuku mkononi mwake. Wala hakugeuka.

Picha ile naijua. Niliipangusa vumbi kila nilipofanya usafi. Safu ya mbele, katikati, mahali pa golikipa, pana doa jeupe lenye umbo la mtu, na mikono tu ndiyo imebaki, imeshika mpira. Siku moja nilimuuliza Mama Gerda ni nani huyo. Aliinamisha macho akasema kwa sauti ndogo, "Huyo hatumtaji."

Nami nikaelewa vibaya kabisa.

Baba yangu ni Mwiraqw wa Rhotia, lakini Yeyo, yaani mama yangu, ni Mmaasai wa Kakesio. Kwa watu wa Yeyo mtu akishafariki jina lake halitamkwi tena. Ni heshima yake. Utasema baba wa fulani, au yule wa boma fulani, na kila mtu atakuelewa. Kwa hiyo nilipomsikia Mama Gerda nilikaribia kumkumbatia. Nikajiambia huyu alikufa kijana, na uchungu wao ni mkubwa hata sura yake wameifunika. Nilimpigia Yeyo kumsimulia, naye akafurahi: "Kumbe Wajerumani nao wana adabu!" Mwaka mzima kila nikipita mbele ya doa lile nilikuwa nashusha sauti.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Babu yake, mzee Daniel akanisimulia, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, Myahudi, mzaliwa wa kijiji hicho hicho. Malisho ya zile mechi za kwanza yalikuwa yake. Mpira wa kwanza aliununua yeye, siku aliyokwenda mnadani kuuza madume, na golini alisimama yeye. Wanazi waliposhika nchi, klabu ikamfukuza. Kapteni mwenyewe ndiye aliyekwenda kuichukua jezi. Alivua kofia mlangoni, akasalimia, akaketi, akanywa kahawa aliyomiminiwa, akauliza habari za ng'ombe. Kisha akaidai jezi. Mke wa golikipa akaipiga pasi kwanza ndipo akamkabidhi. Mtoto wao wa kike alikuwa chini ya meza, akiona viatu tu. Mtoto huyo ndiye mama yake mzee Daniel. Mtoto na mama yake walifanikiwa kuvuka bahari mapema. Baba alibaki nyuma kidogo auze mifugo iliyosalia, akachukuliwa, akauawa. Aliyeikwangua picha hajulikani.

Kapteni. Baba wa mwanamke aliyenifumia kofia.

Nilikumbuka wageni wote niliowasimulia habari za malisho yale bila kujua mwenye malisho ni nani. Nilikuwa natia chumvi kwenye uongo wa watu.

Nikangoja mzee aniombe kitu. Niseme na wanaklabu, niwaandikie, niwatukane, chochote. Hakuomba. Aliuliza swali moja tu: goli la upande wa mto, bado lina mteremko? Mama yake alikuwa akikaa nyuma ya goli lile, na mpaka uzee wake alisimulia jinsi mpira ulivyokuwa unateleza kuelekea kushoto. Nikamwambia ndiyo, bado unateleza, na mimi mwenyewe nilifungwa goli la aibu kwa sababu ya mteremko huo. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na mimi nikalia, viboko wanapumua kando yetu.

Kijijini haendi, alisema. Alitaka tu kuongea na mtu aliyewahi kusimama golini pale, na ambaye babu yake hakuwemo kwenye picha ile.

Leo asubuhi nimempigia Mama Gerda. Sikutaka kumzunguka, nikamwambia moja kwa moja jana nilimbeba nani. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Mama yangu aliniambia kabla hajafa."

Nikamwambia kwamba kwenye salamu za Jumamosi nataka kumtaja golikipa yule.

"Si Jumamosi hii. Subiri nife kwanza. Si muda mrefu."

Akakata simu.

Mimi ni mtu wa hasira, nyumbani kote wanajua, lakini hasira haikuja. Ilikuja huruma, na ndiyo iliyonichanganya zaidi. Nilimwona yule bibi ameketi mstari wa mbele, bango lenye jina la baba yake liko juu ya kichwa chake, majirani wote wamegeuka kumtazama. Nikimtaja golikipa, nampoteza Mama Gerda. Nikinyamaza, na mimi nimeshika kisu nimeikwangua picha.

Nikampigia Yeyo. Nilikuwa naogopa, maana nilikuwa naomba ruhusa ya kutamka jina la marehemu, na kwa mambo hayo Yeyo hana mchezo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali la mfugaji: na ng'ombe wake walichukuliwa na nani? Nikasema sijui. Akaguna.

"Sikiliza. Sisi tunanyamaza kwa mtu ambaye watoto wake wamejaa bomani, na kila mtu anajua ni nani ananyamaziwa. Hao wamenyamaza ili ionekane hakuwahi kuzaliwa. Hiyo si heshima, usituchanganye nao."

Kisha akaongeza kwamba huyo bibi nisimkosee adabu, kwa kuwa yeye siye aliyekunywa ile kahawa.

Basi nimetoka uani kwenye ukungu, nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikarekodi. Nimewapongeza kwa miaka mia. Nimemshukuru Mama Gerda kwa kofia, kwa supu, kwa kuniita mtoto wake, na kila neno nimelisema kwa dhati. Kisha nimesimulia malisho, mpira wa mnadani, kahawa, na jezi iliyopigwa pasi. Yote kwa Kiswahili, kama walivyoomba. Hawatanielewa. Watatabasamu na kupunga mikono mpaka nitakapofika kwenye jina, nalo nimelitamka taratibu, kwa matamshi ya kwao.

Nimemtumia Mama Gerda kwanza, nikaandika kwamba klabu nitaitumia jioni ili asije akashtukizwa mbele za watu. Naona ameshaifungua. Hajajibu. Huenda asinijibu tena maisha yake yote.

Jioni ikifika nitaituma.

Tangu nianze kuandika hapa nimemwita babu, golikipa, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nimekuwa nalikwepa jina lake kwa mazoea ya kwetu, hata vidole vimegoma. Yeyo ameniruhusu, basi naandika.

Anaitwa Moritz Halberg. Alikuwa golikipa wetu wa kwanza.