Jina la Mutoto Aliyezaliwa Kiisha Ile Pigo

Butembo, mtaa wa Mususa, siku ya vendredi

Mais huyu docteur ananionaka mujinga! Tangu basoda balimupiga bwana yangu kitako cha bunduki ku kichwa, njiani Alimbongo, anasahau kila kitu. Leo docteur akanikatia maneno: "Mama, bongo ya mutu mukubwa haizai tena chembe mupya. Acha kumufundisha kukumbuka."

Nikamujibu ile nilisikia ku radio: wenye kusoma bongo bameona chembe mupya zinazaliwa ndani ya kichwa cha mutu, hata akiwa muzee. Akacheka, mbele ya bagonjwa bote!

Nikamwambia docteur kwamba bwana yangu anajua jina la mutoto wetu, aliyezaliwa kiisha ile pigo.

"Anabahatisha. Kwenu Banande, kila kijana wa tatu si anaitwa Kasereka? Na huyu wenu ni wa tatu."

Kweli, jina hilo kila Munande analijua hata usingizini.

Nikarudi nyumbani na hasira. Sijui kama radio inasema kweli, na naogopa kutumaini bure.

Bwana alikuwa amepakata mutoto. Nikasimama mulangoni. Akainamia ile sura ndogo, akatafuta neno, akatafuta tena. Kiisha akamuita kwa jina la ubatizo, lile lisilofuata hesabu ya kuzaliwa:

"Dieudonné. Maman amerudi."

Docteur aniambie sasa: hilo nalo, alibahatisha?